Zohali Juu ya Tangi la Maji

Niliinunua Luthuli bila karatasi ya maelezo,
mguu mmoja kati ya mitatu hauna skrubu.
Nikaufunga kwa mpira wa baiskeli,
nikaipandisha darubini ghorofa sita
hadi paa la ploti yetu, Umoja,
kati ya tangi jeusi na mashuka ya Mama Achola.

Usiku wa kwanza, mwezi umejaa pomoni,
na bomba langu linanionyesha giza.
Kwamboka, miaka kumi, akasema: "Mama, kifuniko."
Nikatoa kifuniko.
Bado giza.

Kumbe kile kijidarubini cha mgongoni
na bomba lenyewe havisemezani
mpaka uvipatanishe, tena mchana.
Jumamosi tukalenga mlingoti wa simu, upande wa Donholm.
Nikazungusha vijiskrubu, huku kidogo, kule kidogo,
kama mtu anayesuluhisha wake wenza,
hata mlingoti ukaingia katikati,
kichwa chini, miguu juu.
"Imeharibika," nikasema.
"Hapana. Humu ndani ndivyo ulivyo."

Kisha Julai.
Wiki tatu za wingu, zito kama blanketi la hospitali.
Darubini ikalala nyuma ya mlango, imevikwa gunia la unga,
nami nikamkumbuka bibi yangu,
aliyekisoma Kilimia bila kioo,
kwa shingo na jembe tu.

Agosti, saa tatu usiku, stima ikapotea.
Mtaa mzima ukaguna.
Sisi tukapanda ngazi mbio, mkono ukutani.
Lenzi ya ishirini na tano kwanza, ya kumi baadaye.
Usiegemee bomba. Usipumue.
Ile ya manjano, isiyopepesa, mashariki, juu ya tangi.

Ndipo Musembi, mtunza ploti, akatokea na tochi:
"Nyinyi mnachungulia madirisha ya watu?"
"Zima hiyo, uje."

Akainama. Akanyamaza.
Akazunguka mbele, akachungulia mdomo wa bomba
asije akawa amebandikiwa picha.
Akarudi, akainama tena.
"Ina pete," akasema, taratibu,
kama mtu anayemsema jirani. "Kumbe ina pete."
Halafu: "Mbona inakimbia?"

Kweli, ilikuwa inateleza ukingoni, inatutoka.
"Haikimbii," Kwamboka akasema. "Ni sisi."

Sisi: tangi, mashuka, kodi ya tarehe tano,
kuku wa ghorofa ya pili wasioruhusiwa,
Umoja yote na giza lake
inageuka polepole kuelekea asubuhi,
na hakuna hata sufuria moja iliyomwagika.

Nikasogeza bomba unywele mmoja. Ikarudi.
Musembi akavua kofia ili aone vizuri.

Mara stima ikarudi.
Shangwe, dirisha hadi dirisha, watoto wakipiga makofi,
redio zikidakia sentensi katikati.
Musembi akasonya.