Chembe Thelathini

Machi, Tartu. Mto bado umeganda
na mimi nimejifungia gizani na hadubini,
maana rangi hizi hazisomeki kwenye mwanga.
Nahesabu chembe za damu ya mtu mmoja:
Tarvo K., miaka thelathini na minne, dereva wa lori la magogo.
Sababu ya kipimo: ndoa miaka sita, mtoto hakuna.

Chembe ya kwanza, X mbili.
Ya pili, X mbili.
Nikasita. Nikasoma upya jina kwenye kichupa,
nikampigia Helve, yule anayetoa damu huko chini:
"Huyu ni mwanamume kweli?"
"Ana ndevu," akasema. "Jumanne ile ya barafu
aliniomba ruhusa amwage mchanga kwenye ngazi zetu."

Basi nikahesabu. Kanuni ni thelathini,
ishirini na tisa haikubaliki; ukichoka
unakunywa kahawa, unarudi ulipoishia.
Y niliitafuta kama kifungo kilichobingirika uvunguni,
kwa kupapasa.
Hakuna.
Hadi nilipotia rangi ya kijani,
ile inayoshika jeni moja tu,
ikawaka kwenye ncha ya X mojawapo:
nukta, punje ya ulezi iliyosahauliwa mkekani.

Kumbe kipande cha Y ya baba yake
kilidandia X siku mbegu ilipoumbwa,
kikashukia ugenini,
kikajenga huko huko: sauti, kidevu, mabega.

Fomu ina kisanduku kimeandikwa *Kasoro*.
Thelathini kati ya thelathini.
Kitu kisichokosea hata mara moja
unakiitaje kosa?

Nimetia alama, lakini. Daktari anaihitaji:
kuna homoni za kupima, mifupa ya kupima,
na kuna sentensi moja ambayo Tarvo ataambiwa
akiwa amekaa na mkewe, kofia magotini,
kwamba mbegu hazipo na hazitakuja.
Kwa hiyo sina kipimo.
Sina rangi.

Saa kumi na moja nikazima taa, nikatoka.
Mchanga wake ungalipo ngazini,
umeshikana na barafu, unakwaruza viatu.
Hata kidato cha mwisho, kile kilichojificha ukutani
ambacho hakuna anayekikanyaga,
alikuwa amekimwagia.