Mwaka Unaoishia Juni

Kwetu mwaka hufa tarehe thelathini Juni,
baridi ikiwa imekaba madirisha ya ofisi ya Mildura,
na mimi, Maree Tziolas, mkaguzi wa ajira daraja la tano,
naulizwa na makao makuu: mmefika wapi?

Tumefika Robinvale. Tumefika Euston.
Tumefika mwisho wa lami, na baada ya lami,
kwa lile gari jeupe la kilomita laki tatu na ushei
linalotupulizia usoni vumbi la mwaka juzi.
Jibu hilo halina kisanduku.

Visanduku ni hivi. Ziara: mia nne na kumi na mbili.
Lengo mia nne. Kijani.
Malalamiko yaliyofungwa ndani ya siku tisini: asilimia sabini na moja.
Lengo themanini. Manjano,
na maelezo yasiyozidi maneno hamsini.

Nimeandika hamsini. La hamsini na moja nimelimeza:
kwamba mlalamikaji akirudi Vava'u viza ikiisha
faili lake nalo hufungwa,
kimya, kama mlango wa friji.

Fedha zilizorejeshwa: laki sita na kitu.
Ndani ya hicho kitu mna dola elfu mbili mia sita na nane, senti arobaini,
za Lupe Havili, mchuma zabibu.

Mwajiri alileta karatasi safi:
saa thelathini na nane, kila mtu, wiki kumi na tisa,
kana kwamba mvua haikunyesha wala mtu hakuugua.
Lupe alileta kitabu cha tenzi za kanisani.
Kurasa za nyuma, kwa penseli, vijiti:
kijiti saa, kijiti saa,
na msalaba mdogo penye makato.
Godoro. Basi. Maji ya kuoga. Mkasi.
Ndiyo, mkasi. Alikodishiwa mkasi
wa kukatia zabibu za huyo huyo aliyemkodisha.

Wakili wao akacheka: huu ni ushahidi au ni sala?
Njia ya mwongo ni fupi, husemwa;
hii ilitugharimu miezi kumi na minne.
Nilihesabu vijiti usiku kwenye meza ya jikoni,
Lefteris akiniuliza tangu lini nimeokoka.

Siku ya kumrudishia, kibandiko cha Kielelezo F
kilikataa kubanduka bila ngozi ya jalada.
Kiache, akasema. Jumapili wataniuliza.

Wakamuuliza. Wiki ile simu kumi na saba zililia ofisini,
na taarifa yetu, ukurasa wa tisa, inaziita
matunda ya kampeni ya mabango.

Sasa mpango.
Desmond anastaafu Septemba; nafasi yake "itatazamwa upya."
Watano tutakuwa wanne, ziara ziwe mia nne na hamsini.
Haba na haba hujaza kibaba, najua,
ila sijasikia methali ya anayekipanua kibaba
huku akiwafukuza wachotaji.

Penye Hatari Zilizotambuliwa nimeandika: gari.
Penye Rasilimali Zinazohitajika: penseli, katoni mbili.
Meneja atafuta.

Nje, ukungu. Basi dogo lapita, taa moja,
vichwa kumi na kitu vimeegemea vioo, vimelala.
Sijui ni la nani.
Karatasi zote zimeshajaa,
namba yake naiandika kiganjani.