Wa Leo Umechacha

Ofisi ilinipa maneno ya kukariri:
harufu ya matunda pori, ulaini wa hariri.
Nikayasema mwezi mzima Barabara ya Lamu,
jikoni hadi jikoni.
Wapishi wakaitikia kwa adabu,
wakaagiza bia.

Juzi, kwa kiu yangu tu,
nikaenda Muyeye, mangweni kwa Nyevu.
Akaonja kwa kata, akatema.
“Wa leo umechacha. Nenda kwa Mbeyu.
Kwangu, kesho.”

Kesho yake foleni ilipita choo.
Nilikuwa wa kumi na sita.

Leo nimemwambia Thoya, mpishi mkuu:
“Chupa hii ilipigwa jua bandarini.
Usiipeleke mezani.”

Akanitazama.
Akazima jiko, akavuta kiti.

“Haya. Wewe mwenyewe hunywa ipi?”