Kufua Ukuta

Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba za wageni
na sare za manesi wa Ligula,
na tangu malori yaanze kushuka bandarini na makaa ya mawe
nafua mara mbili, nalipwa mara moja.
Naanika bafta, naanua kaniki.

Twalibu wangu ana miaka sita
na kifua kinacholia kama mlango wa choo cha shule.
Daktari aliniuliza, "Mnapikia kuni?"
Nikamwambia gesi, mtungi mdogo, wa mkopo.
Akaandika: vumbi.
Hakuandika la nani.

Kisha akaja Chingwele, mchora vibao vya saluni
(nywele anazipatia, vidole vinamshinda),
akasema tuuchore ule ukuta wa ghala la korosho,
mweusi kutoka msingi hadi bati.
Tukamuuliza rangi. Hana.
Tukachanga: elfu kumi na moja na mia tano,
na kopo la kijani lililoganda tangu kampeni.

Watu wakaanza kutawanyika.

Marehemu baba yangu alichonga mpingo, Newala.
Hakuwahi kuongeza kitu kwenye gogo.
Alipunguza tu, siku nzima alipunguza,
na vilivyodondoka tukapikia uji.
Nikautazama ule weusi, nikaitazama ndoo yangu.
Nikasema: rangi tunayo, ishapakwa.
Kilichobaki ni kufuta.

Jumamosi tukaenda na vitambaa, magunzi, sabuni ya mche.
Kila mtoto wa mtaa akaegemezwa ukutani,
akazungushiwa chaki, akaondoka,
nasi tukamfua pale alipokuwa
mpaka akatokea, mweupe, kifua wazi.
Mbavu tukaziacha nyeusi. Mwalimu Likwata alizihesabu,
akatukosoa, tukamwacha Mwanahawa na kumi na moja upande mmoja
maana sabuni ilikuwa imeisha.
Maji machafu Somoe hakuyamwaga.
Aliyatia kwenye chupa za soda, akaziandika tarehe,
akazipanga chini ya ukuta
kama anayeuza mafuta ya taa.

Jumatatu akaja bwana wa halmashauri na faili.
"Nani kauharibu ukuta?"
Hatujauharibu, tumeuosha.
"Kibali cha kuchora?"
Hakuna rangi hapa, bwana. Nusa.
Akagusa. Akakitazama kidole.
Akatafuta pa kukifutia, na alichokuwa nacho
ni shati lake tu, na lile shati nalijua,
kola yake nimeisugua Alhamisi.
Nikampa kitambaa.

"Hata hivyo," akasema, "wafutwe."
Haya. Lakini hawa hawafutiki kwa brashi.
Ukitaka waondoke,
osha na pale pengine pote.
Akaandika kitu kwenye faili, akafunga, akafungua, akaandika tena.

Madereva wanalalamika: usiku taa zikiwamulika,
watoto wale wanatisha, wanakuja barabarani.
Tukawajibu, kinyago mmekichonga wenyewe.
Sasa lori mbili katika kumi zinafunikwa turubai.
Nahesabu nikiwa kambani, vibanio mdomoni.
Juzi zilikuwa tatu, jana moja.

Ukuta haujaoshwa.
Vumbi linawarudia polepole, linaanzia miguuni,
kwa vile matairi hulirushia chini.
Wafupi ndio wanaotangulia kupotea.
Twalibu wa ukutani limeshamfika magotini.
Twalibu wa nyumbani anaamka kabla ya kengele,
analowesha mkono wa shati la shule bombani,
anakwenda kujifuta mwenyewe,
kisha anamfuta Mwanahawa, ubavu ule usiotimia,
kisha pumzi zinamwisha, anakaa juu ya jiwe.

Anarudi na mkono mmoja mweusi mpaka kwenye kiwiko.
Mtoto mwingine ningemchapa.
Nalipokea lile shati, nalikunja,
naliweka juu kabisa ya nguo za watu.