Usiguse Mstari Huu

Vojtěch ameniita mezani kwake, kidole kiooni:
"Bi Drahomíra, upuuzi huu aliuandika nani?"
Mstari wa mia nne kumi na mbili.
Juu yake, maneno matatu: usiguse mstari huu.
Hakuna jina, hakuna sababu,
mwaka tu, themanini na saba.

Nimevaa miwani polepole,
kama mtu aliyeletewa deni lake mwenyewe.

Siku zile hapa Brno mashine ilikuwa na chumba chake,
chenye ubaridi mwanana kuliko ofisi zetu,
na wakati wa joto tulizua maswali ili tukaiulize.
Niliwahi kuangusha kadi mia sita ngazini.
Zdeněk alipiga magoti bila neno,
tukazipanga moja moja hadi tramu ya kwanza ikapita.
Nikiulizwa, huo ndio uliokuwa uchumba wetu.

Lugha saba nimeziandika,
nne zimekufa bila matanga.
Mgongo umeshika umbo la kiti.
Nimelala na nukta iliyopotea,
nikaamka nayo,
nikaikuta saa nne asubuhi ninamenya viazi.

Lakini huu, Vojtěch, huu ninaukumbuka.

Februari ya mwaka ule ilikuwa fupi,
na muuguzi mmoja wa wodi ya watoto
alizaliwa tarehe ishirini na tisa.
Programu yangu ilimtafuta siku yake, ikaikosa,
ikamruka.
Sisi tunaita mdudu,
kana kwamba aliingia mwenyewe kwa dirishani.

Alikuja mlangoni, theluji mabegani,
mkononi bahasha tupu ya mshahara.
Hakufoka. Afadhali angefoka.
Aliuliza tu:
"Hiyo mashine yenu, inajua kwamba nimezaliwa?"

Usiku huo niliandika mstari.
Si mzuri. Unachechemea,
unazunguka nyumba nzima kufika jikoni.
Ila tangu hapo hajarukwa mtu.

Ijumaa narudisha kadi ya mlango.
Wameagiza keki; najua, nimeona risiti.

Nimemwomba Vojtěch aninyanyukie kidogo,
nikakaa, nikaongeza neno la nne:
Květoslava.

"Ndiye nani?"

Huenda amestaafu, huenda yu kaburini.
Mstari haujui.
Kila Februari fupi unasimama mlangoni,
unamngoja apite.