Mlango wa Kushoto

Tulifika Matugga saa mbili asubuhi, magari kumi na moja:
Premio, Korona, Subaru mbili za Sebbi na mdogo wake,
yote yameoshwa usiku kwa siri,
maana nani apeleke gari chafu
kwenye darasa la kusafisha magari?

Mwalimu Candiru alitutazama tulivyojipanga.
Akampa kila mmoja kavera.
"Vaeni mkononi. Fumbeni macho. Pitisheni."
Na boneti niliyokuwa nikiiapia ulaini wake
ikanijibu chini ya nailoni: chwara, chwara,
kama mchele uliomwagika mkekani.

"Macho husamehe," alisema. "Vidole havisamehi."

Waiswa akakiri mbele ya klabu nzima
kwamba Korona yake huioga Omo na kipande cha gunia.
Tulicheka. Candiru hakucheka.
Aliwasha taa akaielekeza ubavuni,
na buibui elfu wakajitokeza kwenye rangi,
mviringo ndani ya mviringo.
"Huu ni mkono wako, Waiswa. Jumamosi zako zote."

Kisha akatoa udongo.
Naam, udongo, wa buluu, kama kisabuni cha gesti.
Sebbi akashika kiuno:
"Sisi watu wa vumbi tumelipa elfu themanini
kuja kuuziwa udongo?"
Unanyunyiza maji, unauteleza, huukandamizi,
mpaka ule mchele unyamaze.
Ukiugeuza, barabara yote ya Bombo imo,
nyekundu, na mashizi ya malori, na utomvu wa mfenesi wa jirani.
Sebbi aliuangalia wake muda mrefu.
Hakusema tena habari ya elfu themanini.

Mchana ikaja mashine. Lakini kabla ya mashine, kipimo,
kijidude kama simu ya kitochi.
"Rangi ni akiba," Candiru alisema. "Kung'arisha ni kuitumia.
Pima kwanza."

Boneti: mikroni mia moja na kumi na mbili.
Paa: mia na tisa.
Mlango wa kulia: mia na kumi na nane.
Wa kushoto: mia saba na arobaini.

Akapangusa kijidude kwa shati. Akarudia.
Mia saba hamsini na mbili.

Fundi Ocira, aliyekuwa amesinzia juu ya tairi,
alifumbua jicho moja: "Hapo kuna puti."

Marehemu baba alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili.
"Gari hili," alisema, "halijaguswa hata na mbuzi."
Miaka tisa nimewaambia watu hivyo hivyo,
hata asubuhi ile, njiani, nimemwambia Waiswa.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwezi mzima Premio ilikaa Luweero
"ikisubiri spea." Baba alirudi kwa miguu kutoka stendi,
na mama alirudi siku nne baadaye, kutoka kwa dada yake, tukaambiwa,
amekonda, anacheka kwa upande mmoja.
Tangu hapo hakai mbele.
"Mbele kuna jua," husema. Hata usiku.

"Huu mlango ndio wenye rangi nyingi kuliko yote," Candiru alisema.
"Ila pole pole. Puti haipendi joto."
Nikashika mashine. Ikanguruma hadi kwenye meno.
Nilipita mara mbili tu, nikamalizia kwa mkono,
kwa kitambaa, mpaka wenzangu wakawa wanakula chapati
na kuniita jina ambalo sikulisikia.

Bombo, saa kumi na mbili, mama alikuwa tayari langoni,
tunakwenda arusini kwa akina Khemisa.
Alisimama mbele ya mlango wa kushoto.
Akajiona humo, mzima, kuanzia viatu.
Akarekebisha gurbaba yake ya manjano begani,
akageuza shavu huku, akaligeuza kule.

"Wamekufundisha," alisema.

Akafungua mlango wa nyuma, akaingia.