Nyuma ya Nguruwe

Duka lenyewe halina kibao.
Nilipanda ngazi, Upanga, nikabonyeza kengele,
nikaonyesha barua ya mtaa, kibali cha polisi,
na alama za vidole vyangu kumi
vilivyopauka kwa kumenya muhogo,
ndipo Bwana Hirji akafungua kufuli la pili.

"Unawinda nini, mama?"
"Nguruwe," nikasema, na ulimi ukaona haya,
ulimi uliofundwa na chuo cha Gongo la Mboto.
Nikaongeza upesi: "Wa porini. Wa usiku.
Wananifukulia muhogo Msongola
kabla shina halijanifika kiunoni."

Akazilaza juu ya blanketi jekundu
moja moja, kama alazaye wagonjwa.
Hii ishirini na mbili, ya njiwa na kanga.
Nguruwe ukimpiga nayo
atakwenda kufa kwa jirani siku ya tatu
na jirani atakuletea harufu.
Hii mia tatu sabini na tano, ya nyati:
itamlaza yeye, na bega lako halitakusamehe.
Akaipapasa ya katikati.
Thelathini-sufuri-sita. Hii haina lawama.
Inaingia begani, inatokea upande wa pili.

"Ikishatokea?"
Hakunielewa.
"Ikishamtoka nguruwe, inakwenda wapi?"

Akatazama feni. "Kilomita tatu. Nne.
Ikikosa cha kugonga."

Marehemu mume wangu alikuwa na gobole,
la kushindilia baruti kwa ufito,
na nyuma ya kila nguruwe aliyemlenga
palikuwa na msitu, na nyuma ya msitu, msitu.
Mimi nimerithi shamba, sikurithi msitu.
Nyuma ya nguruwe wangu kuna bati jipya la fundi Mwinshehe,
kuna msingi wa mtu wa benki, haujapanda tangu mwaka juzi,
kuna dirisha la Tatenda binti wa mwalimu
anayesoma kwa taa ya sola hadi saa sita,
na choo cha Bi Sikudhani, kisicho na mlango,
ambacho yeye hukiendea gizani, polepole, akikohoa.

Nikasimama pale na pesa zangu kwenye leso.
Kila bunduki niliyoitazama
ilikuwa inamtazama Bi Sikudhani.

Mwishowe nikanunua ya marisau, kumi na mbili,
mtutu mmoja, kitako kimekwanguka.
Hirji akaguna: "Hii ni ya karibu, mama. Hatua thelathini, basi."
"Karibu ndiko ninakoishi," nikamwambia.

Kalistus Ndunguru, askari wanyamapori mstaafu,
akanijengea dungu la mivinje, urefu wa watu wawili na nusu.
Ukiwa juu, alisema, risasi huitumi mbele.
Unaipanda.

Alipanda yeye, mimi nikabaki ndani na tasbihi.
Saa nane na robo, mlio mmoja.
Mbwa wa Msongola yote wakajibu,
kisha kikohozi cha Bi Sikudhani.
Sijawahi kukipenda kikohozi kama usiku ule.

Asubuhi Kalistus na shemeji zake walikuja na toroli,
wakacheka, wakapima mafuta kwa vidole,
wakanitania kwamba kitimoto cha mjane ni kitamu.
Nilisimama mbali, kanga puani.
Akaninong'oneza kabla ya kuondoka:
fungu lile lina marisau tisa. Kwa mnyama nimetoa sita.

Nikachukua jembe.
Udongo wa tuta ulikuwa bado unanuka moshi.
Ya saba ilikuwa kwenye kiazi cha muhogo, imetulia kama mbegu.
Ya nane, shubiri moja chini.

Ya tisa sijaiona.
Nimechekecha tuta zima kwa ungo wa unga.
Na kila alfajiri, kabla ya kuwasha moto,
napita nyumba kwa nyumba nikipiga hodi,
nasingizia chumvi.